Tanki Limejaa Upepo

Wiki tatu nzima Corolla yangu ya 1994 iliacha kula mafuta. Nyegezi, Igoma, hadi Magu na kurudi, mshale wa mafuta uko F, yaani tanki limejaa. Nikaanza kuwasimanga wenye magari mapya.

Aibu ilinikuta kwenye kivuko cha Kamanga. Niliingia wa kwanza, kwa hiyo nitoke wa kwanza. Mlango ukashuka, nikapiga stata: inazunguka, haiwaki. Nyuma yangu fuso la ng'ombe, honi na milio ya ng'ombe havitofautiani. Mama mwenye ndoo ya dagaa akachungulia dashibodi.

"Mbona limejaa, mwanangu? Au ulijaza maji ya ziwa?"

Watu sita wakanisukuma hadi nchi kavu, wawili wakicheka mpaka nguvu zinawaishia. Bodaboda akaniletea lita 2 kwenye kidumu.

Fundi akasema geji imekufa, akaniuzia nyingine ya gari bovu. F ileile. Hapo nikachukua mita ya kupimia umeme mwenyewe.

Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo, floti ya tanki, kile kiboya kinachopima mafuta, ina ukinzani wa omu 3 hivi tanki likijaa, na kama 110 likiwa tupu. Kwa hiyo waya wake ukigusa bodi, geji inaona karibu sifuri na kukuapia tanki limejaa. Waya ukikatika, inalala E, yaani tupu. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikachomoa plagi ya floti, nikawasha swichi. Mshale ungeshuka, mwizi angekuwa floti. Nikasubiri dakika mbili, maana mishale mingine ya zamani ni mizito. Haukutikisika. Basi shoti iko njiani, kati ya tanki na dashibodi.

Nikafunua zulia, nikafuata waya kwa kidole. Kumbe skrubu ya inchi moja imeutoboa na kuzama kwenye bati. Skrubu nyeusi, mpya. Naijua. Niliifunga mwenyewe, wiki tatu nyuma, nikiweka amplifaya ya muziki.

Nikaichomoa, nikakata palipochubuka, nikaunga kwa risasi, nikazungushia tepu, nikarudisha plagi, nikawasha swichi.

Mshale ukaporomoka hadi E.

Nikagonga kioo cha geji. Nikagonga tena. Nikampigia fundi simu kwa hasira: sasa imekufa kweli!

"Petroli umeweka, braza?"

Nilikuwa bado na zile lita 2 za Kamanga. Au tuseme, harufu yake.