Korosho Yenye Maandishi

Mama mkubwa alikuwa na ugomvi na laki mbili na nusu. Hakugombana na mamlaka ya mapato wala na serikali, aligombana na hiyo hela yenyewe. Kila mwaka anakadiriwa shilingi 250,000, kila mwaka analipa huku analalamika, na akishamaliza kulipa ananipigia simu mimi, mtoto wa mdogo wake niliyesomea uhasibu, kana kwamba hiyo kodi niliitunga mimi chuoni.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Nina kimeza Mtwara mjini, ubavuni mwa fundi simu. Nawaandikia watu hesabu, nawasindikiza kwenye leseni ya halmashauri, nawajazia maombi ya TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo ni bure na bado kuna watu wameuziwa. Mama mkubwa ana duka Nanyamba, duka la kila kitu: sukari, sabuni, mafuta ya taa, vocha, betri, kanga mbili tatu zimening'inia mlangoni. Siku moja simu ikapigwa, kilio kilekile, nikamkatiza.

"Mama, hiyo laki mbili na nusu ni ya mtu asiye na kumbukumbu. Mauzo yako yakiwa zaidi ya milioni 7 mpaka milioni 11 kwa mwaka, na daftari huna, unapigwa 250,000 bila maswali. Ukiwa na daftari, unalipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Na hii kodi haiangalii faida, inaangalia mauzo. Kwa hiyo cha kwanza wanachotaka kuona ni uliuza kiasi gani."

Kimya. Halafu akauliza, "Kwa hiyo karatasi zina thamani?"

"Zina."

"Na wewe mtoto miaka yote hii unanyamaza! Karatasi ninazo gunia zima."

Nilidhani anatia chumvi. Nilipopanda Nanyamba mwezi wa Novemba mwaka 2023, korosho zimechachamaa, nikakuta gunia kweli. Gunia la juti, yale yale ya chama cha msingi, ushirika wa wakulima, ya kujazia korosho, limesimama nyuma ya kaunta chini ya bati kama mlinzi aliyelala.

Nikaanza kuchambua. Juu kabisa zilikuwa risiti za mashine alizopewa na wauzaji wa jumla mjini. Zote nyeupe. Karatasi ya risiti ile haiandikwi kwa wino, inaandikwa kwa joto, na ukiiweka mahali penye joto maandishi yanaaga. Nikashika moja dhidi ya mwanga wa mlango nikaona kivuli cha neno "sukari" na jumla iliyobaki sifuri mbili. Nikamwambia risiti hizi zinapigwa picha au kutolewa kopi mapema, kisha zinatunzwa miaka mitano.

"Miaka mitano? Mume wangu wa pili sikukaa naye miaka mitano."

Chini ya risiti kulikuwa na pakiti za sigara zilizochanwa na kukunjuliwa, upande wa ndani umeandikwa hesabu. Halafu madaftari. Hapo ndipo nilipokaa chini. Mama mkubwa, ambaye miaka yote analipa kama mtu asiye na kumbukumbu, alikuwa ameandika mauzo ya kila siku, usiku baada ya kufunga duka, bila kuruka. "Jumanne 21,500, mvua." "Jumatano 9,000, msiba kwa jirani, nimefunga mchana." "Ijumaa 34,200, watu wa unyago." Nimewahi kushika vitabu vya kampuni yenye mhasibu wa kuvaa tai, havikuwa na nidhamu hiyo. Pakiti za sigara zilikuwa rasimu tu: anajumlishia pale kwanza, kisha anahamishia daftarini.

Shida ilikuwa daftari la madeni.

Kwanza alikuwa amelichanganya na la mauzo. Mtu akikopa kilo ya sukari inaandikwa kwenye mauzo, na akija kulipa inaandikwa tena. Sukari moja imeuzwa mara mbili, na kodi inatozwa kwenye mauzo. Nikamwonyesha, akashika kichwa, "Kumbe nimekuwa nikijiibia mwenyewe!" Tukaanza kutenganisha. Na hapo ndipo nikakutana na wadaiwa wake.

"Mama, huyu Kanzu Fupi ni nani?"

"Kanzu Fupi."

"Jina lake?"

"Mwanangu, mimi namdai sukari, simfungishi ndoa."

Hakukuwa na jina la mtu hata moja. Kulikuwa na Kanzu Fupi, Kofia ya Yanga, Nitakuja Jioni, Mume wa Yule, na mmoja anaitwa Mpima Hewa ambaye ukurasa ulimtosha kwa shida. Mbele ya kila deni maneno yaleyale: *zikitoka korosho*. Yaani likiisha soko, hela ikiingia, nitalipa. Huku kwetu nusu ya uchumi unaendeshwa na sentensi hiyo. Nikamweleza kwamba daftari la madeni lenye majina ya utani halimsaidii mtu, hata akifa leo sisi warithi tutamdai nani? Akanijibu kwamba hana mpango wa kufa kabla ya Kanzu Fupi kulipa.

Jioni tukarudisha kila kitu gunani ili niende nacho mjini kesho yake nikapige hesabu kwa utulivu. Nilishangaa uzito. Kumbe chini ya karatasi, nusu gunia, alikuwa ameficha korosho zake za kubangua nyumbani, wajukuu wasizione wakazichoma. "Nani ataiba karatasi?" aliniambia. Akaleta shazia na uzi wa katani, akashona mdomo wa gunia mwenyewe, akaliburuta mpaka barazani, tayari kwa safari.

Barazani palikuwa na magunia mengine matano. Ya korosho.

Binamu yangu alikuja na guta alfajiri. Aliambiwa na mama yake abebe magunia ya barazani apeleke ghalani, akabeba magunia ya barazani. Kijana huyu ukimtuma hakuulizi swali, na siku zote tumemsifu kwa hilo. Mimi natoka na mswaki mdomoni, baraza nyeupe.

Nikadandia bodaboda. Ghala la chama lilikuwa limejaa, watu wa korosho wamekaa juu ya magunia yao tangu usiku, wengine wanakunywa uji, wengine wanabishana bei ya mnada uliopita. Foleni ni ndefu kwa sababu hakuna gunia linalopita bila kukaguliwa. Kuna chuma kinaitwa bambo, bomba lenye ncha kali na mfereji katikati. Linachomwa ubavuni mwa gunia, linazungushwa, korosho zinateremka kwenye mfereji, karani anaziangalia kama zimekauka na ni za daraja gani. Ndipo gunia linapanda mizani, unaandikiwa kilo zako, na hela unaisubiri benki baada ya mnada.

Nilifika binamu ameshafika mbele. Nikapiga kelele, lakini kelele za mtu anayekimbia kutoka nyuma ya foleni ya korosho zinatafsiriwa kwa namna moja tu: anataka kupenya. Nikazuiwa na kifua cha mzee mmoja. Nikaona bambo linaingia.

Liliingia kwa shida. Karani akasukuma, akazungusha, akavuta. Zikatoka korosho tatu na kipande cha karatasi kilichoviringika vizuri kama sigara. Akakifungua. Akakisoma. Akamwangalia binamu yangu.

"Hii korosho ina maandishi."

Watu wakasogea. Gunia likakatwa uzi, mkono ukaingia, likatoka daftari la madeni lenye tundu safi katikati, pande zote mbili. Karani yule kazi yake ni kutangaza kilo kwa sauti ghala zima lisikie. Sijui kama anajua kusoma kimyakimya. Akafungua, akatangaza:

"Kofia ya Yanga! Mafuta ya taa. Mafuta ya taa. Sabuni ya mche. Zikitoka korosho!"

Kicheko. Upande wa mlangoni jamaa mmoja akavua kofia yake ya kijani na njano polepole akaitia mfukoni, na kwa kuivua ndiyo akawa amejitangaza.

"Kanzu Fupi! Sukari kilo mbili, majani ya chai."

Yule mzee aliyenizuia kwa kifua akaanza kuvuta kanzu yake ishuke. Haikushuka.

"Mume wa Yule! Shilingi 6,400, zikitoka korosho!"

Hapa kicheko kikakata, maana kila mwanamke aliyekuja na mume alimgeukia wake. Mama mmoja akauliza, "Yule ndiyo nani?" Mumewe akasema hajui. "Hujui wakati mume wa huyo Yule unaweza kuwa wewe? Mimi ndiyo naitwa Yule?" Wa jirani yake naye akawaka, kwamba kama kuna Yule basi kuna mwanamke mwingine. Magunia yakasahauliwa.

Karani alikuwa amenogewa. Akageuza ukurasa, akavuta pumzi.

"Mpima Hewa! Vocha ya elfu mbili. Vocha ya elfu mbili. Sigara mbili. Vocha. Sigara. Vo..."

Akanyamaza. Watu wakamtazama yeye, halafu, wote kwa pamoja, wakaitazama mizani.

"Endelea kusoma, mwanangu," akasema Kanzu Fupi.

Karani akafunga daftari. Akatoa uamuzi kwamba gunia lile si daraja la kwanza wala la pili, halina sifa, lirudishwe kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa ameshafika. Mama mkubwa aliingia na kanga yake ya dukani na kalamu kwenye nywele, nikajua sasa aibu inatukuta. Nilikuwa simjui vizuri mama yangu mkubwa. Aliangalia huku na huku, akaona wadaiwa wake wa mwaka mzima wamekusanyika chini ya paa moja na hakuna anayeweza kuondoka kwa sababu ana magunia kwenye foleni. Akakaa juu ya gunia, akachomoa kalamu.

"Haya. Mpo wote."

Hela ya korosho ilikuwa bado, lakini watu waliokuwa na chochote mfukoni walitoa. Kofia ya Yanga alilipa yote, kwa masharti kwamba jina lifutwe na siyo kuchorwa mstari tu. Kanzu Fupi alikataa kabisa kuwa yeye ndiye Kanzu Fupi, akasimama katikati ya ghala akikataa, kanzu ikiwa magotini, kisha akalipa nusu "kwa niaba yake". Mpima Hewa alimaliza deni lake baadaye, nyuma ya ghala, na nasikia msimu ule kilo za watu zilitoka vizuri.

Kilichonitesa mimi kihasibu ni Mume wa Yule. Walilipa wawili. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, kwa kunong'ona, akaweka 6,400 akaondoka. Deni moja, malipo mawili. Nikamwambia mama mkubwa pesa ya ziada si mauzo, ni ya watu, irudishwe. Akasema yuko tayari kabisa: yule ambaye siye aje aichukue, aje na mkewe.

Hajaja mtu.

Januari tukaenda ofisi ya kodi Mtwara mjini, tumebeba madaftari. Afisa alikuwa kijana mpole, akafungua la mauzo, akakuta tundu. Akafungua ukurasa wa pili, tundu. Bambo lilikuwa limepita mwaka mzima, kila ukurasa mahali palepale, likala tarakimu moja hapa na moja kule. Akanyanyua daftari akaweka jicho, akamwona mama mkubwa upande wa pili.

"Mama, hawa ni panya?"

"Ni ukaguzi wa ubora."

"Likapita?"

"Likarudishwa."

Zile pakiti za sigara ndizo zilizotuokoa. Kila tarakimu iliyoliwa na bambo ilikuwepo kwenye rasimu, tukazirudishia moja moja pale mezani, mama mkubwa anasoma pakiti, kijana anaandika pembeni kwa penseli. Ukiondoa yale madeni yaliyohesabiwa mara mbili, mauzo ya mwaka yakasimama kwenye shilingi 7,960,000. Yaani 90,000, ongeza asilimia 3 ya 960,000, ambayo ni 28,800. Jumla 118,800, kwa awamu nne za 29,700, ya kwanza kabla Machi haijaisha. Kabla kijana hajabonyeza kikokotoo mama mkubwa alishanikanyaga mguu chini ya meza: "Laki moja thelathini na moja na mia mbili tumeokoa."

Akapewa kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, akalipia awamu ya kwanza palepale kwa simu. Kisha akatoa daftari la madeni, jipya, nililomnunulia mimi na kumwapisha kwamba humo yataandikwa majina ya watu kama walivyozaliwa, akaandika: *Jicho Tunduni, 29,700*.

"Mama, huyo hudaiwi naye. Hiyo ni kodi, umelipa, imeisha."

"Nimempa hela, hajanipa kitu," akasema. "Kwenye duka langu huyo ni mdaiwa."

Yumo mpaka leo, katikati ya Nitakuja Jioni na Kanzu Fupi, na mbele yake pameandikwa *zikitoka korosho*.