Shemeji kawapa nusu, nusu nyingine ninayo mimi

Najua voisi ya shemeji imeshawafikia, maana mama kanipigia alfajiri kuuliza kama kweli nimelewa ughaibuni nikammwagia mzungu bia. Kwanza, sikulewa. Hata tone halikuwa limepita kooni. Pili, hakuwa mzungu. Alikuwa mbwa.

Baa yenyewe iko kijijini huko Yorkshire, Uingereza, nyumba ya mawe ya tangu miaka ya 1600, mlango mfupi kama wa banda la kuku. Shemeji akasema "inama", nikainama, nikadhani kuinama kumeisha. Nikakaa kumsubiri mhudumu. Dakika ishirini! Nikaita "psss, dada!" Kumbe huku unajipeleka kaunta mwenyewe, hata chakula unaagizia hukohuko. Shemeji alijua. Alikuwa ananitazama tu. (Dada, huyu mume ulimtoa wapi?)

Kaunta kuna mzee anavuta mpini wa mbao kama anapampu maji, bia inapanda kutoka kwenye pipa chini ya sakafu. Nashika glasi: ya moto. Sasa nyie mnajua, kwetu hujakaa vizuri ushaulizwa ya moto au ya baridi. Nikaomba ya baridi. Hakuna. Nikaomba barafu.

Wazee wa dhumna wakaganda, mikono hewani. Mzee wa kaunta akanieleza taratibu, kama mtoto wa chekechea: bia hii iko hai, chachu bado inafanya kazi ndani ya pipa, haitiwi gesi, inanyweka kwenye nyuzi joto kama 12, ukitia barafu umeiua. Umeiua! Nikajikuta naiomba radhi glasi.

Nikageuka na heshima iliyobaki, kifua mbele, painti nzima mkononi, mililita 568.

Ko!

Si pu, si pa. Ko, kama nazi kavu. Boriti. Nikaiona glasi inainama. Nikaiona bia inatoka yote kwa pamoja, imetanda hewani kama shuka linalotandikwa. Nikamwona mbwa mzee kalala mbele ya moto wa kuni. Nikapiga kelele "Toka!" Kwa Kiswahili. Mbwa wa Yorkshire.

Akajikung'uta juu ya wazee wa dhumna, akaanza kujilamba kwa raha zake. Nikaomba samahani, nikalipa, mwenye mbwa akacheka mpaka akakohoa. Kisha mzee wa kaunta akaniletea kitambaa cha kubandika kwenye paji la uso. Ndani kimejaa barafu.

Kumbe wanayo!