Ofisi ya Mama Watoto

Ndugu yangu wa Liège, Ubelgiji, hana kazi na anasoma. Mimi wa Katuba, Lubumbashi, sina kazi na ninasoma. Yeye analipwa, mimi ninaulizwa maswali.

Mtu akisikia hivyo atasema nina wivu. Ninao, na nina haki nao.

Februari 2025 serikali yetu ya Kongo ilisimamisha madini ya kobalti yasitoke nchini, ili bei yake ipande. Ikapanda kweli. Sisi wa chini, wa kampuni ndogo zinazookota kazi kwenye kampuni kubwa, hatukupandishwa chochote. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Kazi yangu ikawa kuhesabu buti za migodini ambazo hazina wa kuzivaa. Ilipofika Oktoba wakaruhusu tena kuuza, kwa mgao, kila mtu na kipimo chake. Buti zilikuwa bado stoo. Aliyeondoka ni mhesabuji.

Sheria ya kazi ya 2002 si mbaya, msiniseme vibaya. Inasema préavis, ile notisi kabla ya kuachishwa, ni siku 14 za kazi, halafu 7 juu yake kwa kila mwaka kamili uliotumika. Nilikaa chini kuzihesabu nikakuta mwenye nyumba ameshazihesabu, na anajua pesa inaingia Alhamisi.

Basi nikakumbuka ile asilimia 5 waliyokuwa wakinikata kila mwezi kwa ajili ya kesho yangu. Nikasema, kesho si ndiyo hii? Nikavaa shati la ibada, nikaenda kuuliza kwenye ofisi ya hifadhi ya jamii. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, sina la kumlaumu, sheria hakuitunga yeye. Akanieleza:

"Papa, kuna pensheni, kuna ajali na magonjwa ya kazini, kuna posho za familia. Kukosa kazi haimo."

"Hata kama nimeikosa ghafla?"

"Ghafla siyo ajali, papa."

"Na kama zile buti zingeniangukia?"

Akafikiri kidogo. "Hapo tungefungua dosye, faili lako."

Nilirudi nyumbani nikijutia buti.

Mama watoto ndiye aliyesema nirudi shule. Kila tangazo la kazi sasa linataka licence, yaani digrii ya kwanza, hata la kulinda geti. Nikajiandikisha mwaka wa kwanza, lojistiki, masomo ya mchana, siku nzima. Siku ya kwanza niliingia auditoire, ukumbi wa masomo, vijana wote wakasimama. Nikawaambia wakae. Wakakaa, wakafungua madaftari. Ilikuwa dakika tamu kabisa, mpaka profesa mwenyewe alipoingia, kijana mdogo ambaye nilimwona akikimbiza mpira wa matambara mtaani kwetu.

Na binti yangu yuko mwaka wa pili, shule ileile. Uwanjani tukikutana ananisalimia kama mtu anayemfahamu kidogo. Syllabus zake za mwaka jana amenipa. Nilimwambia asante, akaniambia bei.

Sasa sikieni ya Liège. Ghala alilokuwa akifanyia kazi lilifungwa, wakatolewa wote. Akaanza kupokea pesa ya wasio na kazi. Lakini huko, ukipokea pesa hiyo, lazima utafute kazi na uonyeshe kwamba unatafuta. Mtu aliyekaa darasani kutwa anatafuta saa ngapi? Basi unaomba dispense, yaani msamaha, kwenye ofisi ya ajira inayoitwa Forem: wakikubali, hulazimiki kutafuta kazi, unasoma, pesa inaendelea. Kuna masharti. Ukisomea kazi ambayo watu wamepungua, mlango ni mpana zaidi. Yeye amechagua elektromekanika. "Yaya," ananiambia mimi kaka yake kwenye WhatsApp, "siri ni kuomba mapema. Ukianza shule kwanza ndipo uombe, umeshapoteza."

Kosa ni kwamba sauti hiyo ilisikilizwa nyumbani kwa spika. Mama watoto anauza unga na makala, mkaa wa kupikia, mbele ya mlango, na tangu niondoke kazini yeye ndiye pensheni, ndiye posho ya familia, ndiye kila tawi. Alikuwa akinilisha kwa huruma tu. Jioni ile aligundua kwamba jambo analolifanya lina taratibu.

Asubuhi yake ofisi ikafunguliwa.

Kwanza, uthibitisho wa kuhudhuria. Kila asubuhi nimtumie picha nikiwa ndani ya auditoire. Nikatuma. Akaikuza. "Huyo nyuma yako anatafuna. Hiyo ni kantini."

Pili, mifuko ya makala. Nikirudi, naipakua. Nikamkumbusha dispense. Akaniambia, "Dispense ni ya Bulaya, Baba Watoto. Makala ni ya Katuba."

Tatu, matokeo. Babu yangu alipokea posho ya unga kutoka mgodini. Alichimba, akapimiwa, akaenda zake. Mimi napimiwa unga kwa kuonyesha interro, mitihani midogo ya darasani. Nikipata nusu, bukari, yaani ugali, na samaki tomson. Chini ya nusu, bukari na sombe, majani ya muhogo. Hesabu za takwimu nilipata 7 kwa 20. Nimeila sombe hiyo mpaka nikaanza kuielewa takwimu.

Na nauli je? Nauli ni idara nyingine, ya shemeji. Kaka yake mama watoto ni mtu mwema, lakini hatoi nauli bila historia. Kila Jumatatu naketi, anaanza: mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliondoka kwa départs volontaires, kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia, na jirani yake mmoja akanunua minibasi. Naijua minibasi hiyo kuliko dereva wake. Najua taa gani ilikuwa haiwaki. Najua ilikufa barabara ya Kasumbalesa, kabla ya mvua. "Wewe hukununua minibasi," shemeji anamaliza, "umenunua akili." Ndipo mkono unaingia mfukoni, na unatoka na nauli ya kwenda tu.

Nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa hata nimeanza kupenda, maana 11 kwa 20 inaleta samaki mzima. Halafu ndugu yangu akatuma sauti nyingine. Analalamika. Tangu Januari 2026 Ubelgiji imeanza kuikatia pesa hiyo muda: kwa walio wengi haivuki miaka miwili, hata ukilia. Nilimhurumia sana. Nikamwambia pole, ndugu yangu, hao watu hawana roho.

Nikageuka. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na meka, kile kikopo cha kupimia unga, mkononi.

"Miaka miwili," akasema. "Hao Wabeligiji si wajinga."

"Mama, licence ni miaka mitatu."

"Najua. Binti yako ameniambia."

"Sasa huo wa tatu nitakula wapi?"

Akamwagia mteja unga, akapangusa mikono.

"Andika barua," akasema. "Na uombe mapema. Ukichelewa umeshapoteza."