Bosi, hiyo picha haikui

Jamani sisi tunaodizaini na kuprinti mabango hapa Kariakoo, Juni ikifika usituulize hata hali. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba yanaanza tarehe 28, na watu wote wenye banda pale viwanja vya barabara ya Kilwa wanakumbuka tarehe 26 usiku kwamba kumbe wanahitaji bango.

Hilo la muda nimeshalizoea. Kinachonimaliza ni picha. Mtu anataka ukuta mzima wa nyuma, mita 3 kwa 2, halafu logo anakutumia ile ya kwenye saini ya imeili yake, upana pikseli 120, yaani vinukta 120 tu vya rangi. Ukiivuta ifike mita moja tu kila pikseli ina upana wa milimita 8, unazihesabu ukiwa umekaa. Namwambia bosi nitumie ya vekta, iliyochorwa kwa mistari siyo vinukta, ile haiharibiki hata ukiikuza vipi, ile PDF aliyokupa aliyeichora. Baada ya lisaa inaingia logo ileile, kaibandika kwenye Word, kaisevu PDF. Nimeomba PDF, nimepewa PDF, nigombe na nani?

Na huyo afadhali. Wengine ni skrinishoti, juu betri asilimia 4. Au picha ya kiwanda ina vile vimshale viwili vya WhatsApp vya kufowadiwa mara nyingi, imeshazunguka magrupu yote ya ukoo, upande mrefu umebaki na pikseli kama 1,600, na mimi kwa ukuta wa mita 3 unaotazamwa kwa karibu nataka elfu kumi na kitu. Namwambia itume kama dokumenti, anatuma skrinishoti ya dokumenti.

"Si uivute tu na kompyuta?" Kuvuta navuta mzee wangu, ila ni kuongeza maji kwenye chai ya watu wawili ili wanywe kumi. Halafu wapo wajuaji wanaoingia Photoshop wanabadilisha namba ya pikseli kwa inchi kutoka 72 kwenda 300, wanakuja kifua mbele eti ishakuwa kubwa, wakati pikseli za kweli ni zilezile alizotoka nazo nyumbani. Ukimweleza anakwambia mbona mabango ya barabarani yanatoka safi, sasa kaka yale unayaona ukiwa dirishani kwenye daladala, jicho linaunganisha lenyewe, ila bandani mtu anasimama hatua moja, anasubiri kuonjeshwa, ana muda wote wa kukukagua.

Kuna mama anauza asali ya Tabora, tamu kweli, anataka rolapu, lile bango la kusimamisha linalokunjwa, yenye mrina asali akiwa kazini. Picha kubwa za bure mtandaoni zipo, Unsplash, Pexels, Wikimedia Commons, lakini ukitafuta mfuga nyuki unaletewa mzungu mwenye ndevu, suti nyeupe, masanduku yamepangwa kwenye majani mabichi. Tabora gani hiyo? Kule ni miombo, mizinga ya magogo na magome inaning'inia juu mtini. Nikampata mmoja anayefanana na wa kwetu, ana wotamaki, yale maandishi ya mwenye picha, katikati ya uso. Mama akasema si uyafute tu hayo maandishi mwanangu. Mama, hayo maandishi ndo yanadai hela. Kijana wake akaleta ya AI, kwenye simu inapendeza, pikseli 1,024 kwa 1,024, na nyuki mmoja miguu yote iko upande wa kushoto.

Nikawaambia basi, mjomba aliyeko huko apige mwenyewe mchana kweupe, simu ya megapikseli 12 kwa nusu ya rolapu inatosha, asizumu, asogee. Mjomba kapiga picha nzuri mno, mwanga, moshi, mzinga, kila kitu. Kaituma kwenye grupu la ukoo, ile orijino kaifuta kwa sababu simu imejaa.

Sasa hivi nina mzee wa mashine za kusaga, anataka sura yake ukutani, kaleta pasipoti saizi ya zamani imeskaniwa. Nikaiingiza kwenye programu ya kukuza, hizi zinazobuni zenyewe pale pasipoonekana. Mzee ana mapengo mawili ya mbele, programu imemjazia meno yote na nywele kidogo. Nikamwita aje aone ili akubali tuweke picha ya mashine tu yaishe. Kaitazama weee, akavua miwani, akaivaa tena. "Hiyohiyo. Na bizneskadi nitolee mia mbili."