Dalali hatakuonyesha njia ya usiku

Jumanne iliyopita, saa tatu na nusu usiku, simu yangu iliita. Alikuwa yule binti wa Njombe ambaye ndiyo kwanza ana mwezi wa pili dukani kwetu. Bodaboda alikuwa amemshusha kwenye lami. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kwenda kwake imekuwa utelezi mtupu, kijana akagoma kuingia ndani. Kutoka pale hadi mlangoni kwake ni mwendo wa robo saa, katikati ya misingi ya nyumba iliyoota majani na fensi za tofali ambazo hujui nyuma yake kama mna mtu. "Dada, usikate simu," akaniambia. Sikukata. Nilisikia viatu vyake vikinasa kwenye tope, nikasikia mbwa wakibweka, nikamsikia akihema. Alipofika na kufunga kitasa ndipo nilipotambua kwamba na mimi muda wote nilikuwa nimesimama katikati ya chumba.

Asubuhi nikamuuliza nani alimchagulia mtaa ule. Shangazi yake, kwa simu, yupo Makambako na Tanga hajawahi kufika. Alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, usije ukapanga uswahilini, utaibiwa." Basi dalali naye akampeleka mbali na uswahilini, mbali kabisa, mahali ambapo hata akipiga kelele hakuna wa kutoka.

Nyumba ile naijua. Si hiyohiyo, ila ni ndugu yake. Nilikaa kwenye nyumba kama ile miaka sita iliyopita, nilipohamia hapa kutoka Mafinga. Dalali alinionyesha saa tano asubuhi, jua linawaka, kila kitu kinapendeza: chumba na sebule, choo ndani, marumaru chini, jipsamu juu, geti, luku yangu peke yangu. "Hapa hadi lami dakika tano," akasema, na kweli zilikuwa dakika tano, kwa sababu alikuwa amenipakia kwenye pikipiki. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikamlipa na yeye mwezi mmoja wake, nikapiga picha nikamtumia mama.

Mwezi wa tatu nilipigwa roba. Ilikuwa saa tatu na robo, hatua chache kabla ya kona yangu. Pochi ikaenda, simu ikaenda, shingo iliniuma wiki nzima. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kwenye nyumba ya jirani taa iliwaka dirishani, ikakaa kidogo, ikazimwa. Jirani yule simlaumu. Hakunijua. Miezi mitatu tulikuwa tumesalimiana labda mara mbili, yeye akitoa gari, mimi nikikwepa vumbi. Angejuaje kwamba anayelia ni mpangaji wa nyumba ya pili? Mtaa wenyewe ulijengwa ili watu wasijuane.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mtaa salama" huku akiniorodheshea fensi, geti na nondo za madirisha, damu inanichemka. Geti linalinda televisheni. Wewe hukai getini. Wewe unatoka asubuhi na unarudi usiku, na kati ya kituo cha daladala na geti hilo kuna njia. Usalama wako uko kwenye njia hiyo, na njia hiyo hailindwi na tofali, inalindwa na watu walioketi nje wanaokufahamu.

Nilipomaliza kodi yangu nilihamia Ngamiani. Wenzangu wa kazini walishangaa. Ngamiani? Kwenye zile nyumba za ukumbi katikati na vyumba huku na huku? Ndiyo, huko huko, ng'ambo ya reli ukitokea mjini, kwenye barabara za namba. Wiki ya kwanza nilichukia. Kwenye baraza ya nyumba ya pembeni walikaa wazee wanne na birika la kahawa, na kila nikipita nilikuwa lazima niamkie: "Shikamooni." "Marahaba, bibie. Wewe mgeni wa nani?" Siku ya pili: "Unafanya kazi wapi?" Siku ya tatu: "Mbona leo umechelewa?" Mimi niliyetoka kwenye mtaa wa fensi niliona huu ni umbea. Nilifikiria hata kuzunguka barabara ya nyuma.

Mwezi uliofuata kijana mmoja alinifuata kwa miguu kutoka mjini. Nilipovuka reli akavuka. Nilipokata kona akakata. Nilipofika usawa wa ile baraza, mzee mmoja akainua sauti, hata kikombe hakukiweka chini: "Bibie, huyo uliyekuja naye ni nani?" Nikasema simjui. Basi. Wazee wanne wakageuza shingo, muuza mishikaki wa upande wa pili akaacha kupepea moto wake, na yule kijana akakumbuka kwamba njia yake haikuwa hiyo. Siku hiyo nililia nilipofika ndani, na hakikuwa kilio cha woga. Tangu hapo sijawahi kupita pale bila kuwaamkia. Mmoja wao ametangulia mbele ya haki mwaka jana, na nilikaa matangani siku zote tatu kama mtoto wa nyumba.

Hata umeme ukikatika, barabara ya kwetu haifi. Wauza chipsi wanawasha taa zao za betri, mwenye mishikaki ana moto wake, akina mama wanatoa mikeka nje kwa sababu ndani kuna joto. Kule nilikokuwa nikikaa, umeme ukikatika giza linakuwa moja kuanzia lami hadi mlangoni.

Na usafiri. Nikimwambia dereva wa bajaji "barabara ya kumi na nne" amemaliza, haniulizi lingine. Kule kwa mwanzo nilikuwa naelekeza hivi: ukifika kwenye mwembe, pinda kushoto, ukiona nyumba haijaezekwa, nipigie. Saa tatu usiku, gizani, umesimama peke yako umeshika simu yenye mwanga, unamwelekeza dereva usiyemjua unapoishi peke yako. Sijui kwa nini jambo hili watu hawalioni. Mtaa wenye anwani ambayo kila dereva anaijua ni sehemu ya usalama. Isitoshe, siku nisipopata chombo chochote natembea. Kutoka mjini hadi kwangu ni kwa miguu, njia nzima ina watu. Au napanda baiskeli. Tanga ni tambarare, na kuna wazee hapa wamekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli maisha yao yote. Mgeni anayekuja kutoka mikoa ya milima kama mimi inamchukua muda kuamini kwamba baiskeli ni usafiri wa mtu mzima mwenye kazi yake.

Kuna kosa jingine ambalo wageni wengi wanalifanya, nalo ni la Kange. Basi la mkoa linakushusha stendi ya Kange, unaona daladala zimejaa, bajaji zimejipanga, maduka yamefunguliwa, unajiambia: hapa ndipo penye usafiri. Naelewa. Lakini stendi ya mabasi ya mikoani inakufaa siku unayokwenda Dar au Moshi, na hizo ni siku ngapi kwa mwaka? Kazi yako iko mjini, au bandarini, au Bombo hospitali, na huko utakwenda kila siku iendayo kwa Mungu. Halafu watu wengi wa stendi si sawa na watu wengi wa mtaani. Pale kila mtu anapita. Hakuna anayejua kama begi ulilobeba ni lako au la mwenzako, na hakuna atakayeuliza mbona leo umechelewa. Siwasemi vibaya wakazi wa Kange, wapo waliojenga huko na wana majirani wema, lakini wana miaka yao pale. Wewe una wiki moja.

Raskazone ni kuzuri, hilo sitabisha. Upepo wa bahari, miti mikubwa, nyumba za kizamani zenye viwanja vya kutosha watoto kucheza mpira. Ukiwa na gari, nenda. Usipokuwa na gari, tembea kwanza kando ya zile fensi ndefu saa mbili usiku, uhesabu utakutana na watu wangapi, ndipo ulipe.

Watu huniambia nje ya mji ni nafuu. Nilikuwa nikilipa 60,000 kwa mwezi kule, na pikipiki ya usiku ilikuwa 3,000. Siku 26 za kazi ni 78,000, zaidi ya kodi yenyewe. Ngamiani nililipa 100,000 na nikarudi kwa miguu.

Sasa, ili nisionekane nasifia tu, nitayataja na mabaya. Kelele zipo. Harusi ikiwa barabara ya kwetu, usiku huo hulali, na kesho yake una kazi. Choo nilishirikiana na wapangaji wengine miaka miwili kabla sijapata nyumba yenye choo ndani. Nguo nzuri usiianike nje ukaisahau. Baiskeli isiyofungwa ni sadaka. Na kweli kila mtu atajua mambo yako, umekula nini, nani alikutembelea, alitoka saa ngapi. Kwa msichana anayeanza maisha hili linachosha, na sitamdanganya mtu kwamba nililizoea mara moja. Lakini macho yale yale yanayohesabu wageni wako ndiyo yaliyomwona yule kijana akikata kona. Sijapata mtaa unaokupa moja bila nyingine.

Na Ngamiani haiko peke yake. Makorora, Chumbageni, Mabawa, kote huko ipo mitaa ya namna hii na ipo mitaa ambayo sitamshauri mtu. Ninachosema ni kwamba jina la eneo halikuambii kitu. Kinachokuambia ni kwenda mwenyewe, kwa miguu, saa ile ile utakayokuwa unarudi kutoka kazini. Usiende na dalali. Shuka kwenye kituo utakachoshukia, tembea hadi kwenye hiyo nyumba, angalia milango mingapi iko wazi. Muulize konda gari la mwisho la huko linapita saa ngapi, maana daladala za mchana na za usiku ni vitu viwili tofauti. Nenda na siku ya mvua kama ni masika, uone kama bodaboda anaingia. Mwenyekiti wa mtaa utamwona tu kwa ajili ya kujitambulisha, basi muulize palepale kama ulinzi shirikishi upo kweli au upo kwenye karatasi.

Na tafuta mama anayekaanga mihogo. Kila mtaa ulio hai wa Tanga una mama wa mihogo, na yeye anajua kuliko dalali, kuliko shangazi. Muulize anafunga saa ngapi. Akikuambia saa kumi na mbili kwa sababu baada ya hapo hakuna wateja, shukuru, nunua mhogo wako, ondoka. Akikuambia saa nne, saa tano, hapo mtaa una uhai hadi saa hiyo, na ukichelewa kurudi utakuta kuna mtu wa kumsalimia.

Nayaandika haya sasa kwa sababu naona wageni wanaongezeka. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapa Tanga, na vijana wengi wanakuja wakiwa na matumaini ya kazi, huko na bandarini. Wengi ni wasichana wa umri wa huyu wetu. Wanafika na begi moja na kodi ya miezi sita waliyochangiwa ukoo mzima. Hela hiyo ikishalipwa hairudi, na mtu anajikuta amefungwa nusu mwaka kwenye njia anayoiogopa, akiona aibu kuwaambia nyumbani kwamba alikosea.

Binti wetu amebakiza miezi minne. Nimeongea na mwenye nyumba wake, amekataa kurudisha hata senti. Tumekubaliana dukani kwamba hadi atakapohama atakuwa zamu ya asubuhi, sisi wengine tutafunga. Jumamosi tunakwenda wawili, saa tatu usiku, kuangalia chumba barabara ya pili kutoka kwangu. Hakina marumaru. Mama wa mihogo wa kona ile anafunga saa nne na nusu, nimeshamuuliza.