Posa ya Dole Gumba

Najua picha mmeshaiona. Rafiki yangu, ambaye kuanzia jana ni jirani tu, ameiweka status na maneno "fundi stelingi akiwa kazini", na hadi shangazi aliyeko Singida kanipigia. Acheni niseme mwenyewe, maana yule kaongeza chumvi. Hakuna mbuzi aliyepakwa rangi. Mbuzi hakuhusika kabisa.

Gari mnalijua: Mark II Grande, GX110, lile nikipita nalo Nyerere Square hata bodaboda wananionea huruma. Usukani wake ni wa ngozi, na ngozi ilikuwa imeisha palepale mwalimu wa udereva anapokwambia ushike, saa nne na saa nane. Saa nne imekuwa ya kijivu, inang'aa kama upara. Saa nane inabanduka magamba, ukishuka unayo kwenye mikono ya shati. Alhamisi mdogo wangu ananiambia Jumamosi tunapeleka barua ya posa Kongwa, gari ni langu. Nikasema siwezi kumbeba mshenga kwenye usukani wenye ukurutu.

Na msinione mjinga, kazi yenyewe naijua. Unasafisha ngozi kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi, unapitisha msasa laini, unapaka rangi ya ngozi kidogo kidogo, koti moja ikauke ndipo upake nyingine, mwisho unafunga kwa laki yake na kuliacha gari litulie. Spiriti nilipaka. Msasa nilipiga. Rangi ya ngozi za magari sikuipata, nikaenda Majengo kwa fundi viatu, akanimiminia nyeusi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikapiga koti tatu Ijumaa usiku, moja juu ya nyingine. Laki nikaona ni ya watu wenye muda. Nikamalizia kwa dawa ya viatu na brashi, usukani ukawaka mpaka nikajiona humo. Mke wangu akasema gari linanuka kama bweni siku ya ukaguzi. Nikalala kwa raha.

Asubuhi mpaka Chamwino mambo safi, kaubaridi kapo. Tunakunja Mbande jua limeshapanda, kiyoyozi kilikufa zamani, viganja vikaanza kuteleza. Nikajua ni jasho. Nikajipangusa uso. Jamani, nilijipangusa zaidi ya mara moja. Mjomba, ndiye mshenga wetu, alikuwa pembeni yangu anakoroma. Jirani yangu yule alikuwa nyuma, na jana kakiri kwamba aliniona kwenye kioo tangu Mbande, akanyamaza.

Tumefika. Mjomba anashtuka usingizini, anasema nipe bahasha hapo mbele. Nikampa kwa heshima zote, kwa mikono miwili. Hakuwa na miwani. Akaifunga kwenye kitambaa cheupe, tukashuka.

"Mbukwenyi!" Wazee wamejipanga kivulini, nami mikono natoa. Wa kwanza aliangalia kiganja chake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kiganja. Wa pili akaingiza mkono mfukoni na hakuutoa tena. Bibi mzaa mama akanipokea kwa mikono yote miwili, akaning'ang'ania, akanisifia kwa kukua, halafu akarekebisha mtandio wake mweupe. Nikaona vidole vinne vimebaki begani. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, mtandio huu una maua mazuri.

Ndani kimya. Mzee mwenye nyumba anafungua kitambaa, pembe ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Bahasha ikatokea. Juu yake madole gumba mawili, kushoto na kulia, kila mstari umesimama, na lile la kulia lina kovu langu la panga. Akaigeuza. Nyuma vidole vinane, kamili kama vya NIDA. Akaigeuza tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtoto mmoja mlangoni akaangua kicheko, akafukuzwa, tukasikia kicheko kinazunguka nyumba mpaka dirishani.

Mzee akamuuliza mjomba, kwa upole ule ambao ni heri ungepigwa:

"Kijana wenu hakusoma? Naona kaweka dole gumba."

Mjomba akanigeukia aeleze kwamba mwoaji si mimi. Ndiyo mara ya kwanza ananitazama usoni tangu Dodoma. Mdomo ukabaki wazi.

"Mwanangu, ndevu hizi umeota njiani?"

Mdogo wangu alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mikono yake misafi, kumbe yeye alipanda nyuma.

Yaliyofuata: nikapelekwa bombani na sabuni ya unga, rangi ikatoka usoni, viganjani ikagoma. Posa imepokelewa. Faini ya mtandio elfu hamsini, nimelipa mimi. Kurudi nimeendesha na soksi za mjomba mikononi, na soksi hizo hakuzitaka tena.

Kikao cha harusi kilikaa jana jioni. Gari la bibi harusi linakodiwa kwingine. Mimi nimepangwa kwenye vinywaji, na katibu kaandika kwenye mabano: "soda za chupa tu, keki asiguse."