Acheni Bendi Ipige

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la ukoo mtu alituma video ya mazishi ya New Orleans. Gari la maiti, tarumbeta zinalia, umati unacheza na miavuli ya rangi. Maoni yakaanza kumiminika. "Weusi wa Marekani hawa, hata msiba wanaufanya disko." Mwingine akaandika ndiyo maana hawaendelei. Baba mdogo mmoja ninayemheshimu sana akafunga mjadala kwamba watu waliozoea dhiki hujiliwaza kwa kelele. Sikujibu palepale kwa sababu ningejibu kwa hasira. Baba mdogo, shikamoo, jibu langu ni hili.

Itazameni tena ile video, safari hii kuanzia mwanzo. Bendi haikuanza kwa kucheza. Imetoka kanisani ikipiga wimbo wa dini, polepole, mlio wa ngoma umefifishwa, watu wanapiga hatua moja na kutulia, hatua nyingine na kutulia. Kuna mama kavaa nyeupe tupu, kaziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Anashikwa mkono na binti wa rika la mjukuu wake. Wanakwenda hivyo mpaka pale wanapoagana na maiti, gari linachukua njia ya makaburini. Hapo ndipo ngoma inafunguka na tarumbeta zinapanda. Yule mama anaiondoa leso mdomoni, ikiwa bado mbichi kwa machozi, anaipunga juu na kuanza kucheza. Mtu aliyeona kucheza tu hakumwona yule mama.

Halafu jiulizeni nani analipa bendi. Hilo hakuna aliyeliuliza kwenye kundi, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Baada ya utumwa kukoma Marekani, Mweusi wa New Orleans hakuwa na bima ya kumkubali wala hospitali ya kumpokea kama mtu. Wakaunda vyama. Unatoa mchango wako, ukiugua chama kinakuletea daktari na dawa, ukifa kinakuzika kwa heshima, na bendi juu. Chama cha Young Men Olympian kilianza mwaka 1884 na kipo hadi leo. Chama cha Zulu, ambacho wengi wanakijua kwa Mardi Gras, ile kanivali ya jiji hilo, kilisajiliwa mwaka 1916. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, Jumapili moja baada ya nyingine, kuna chama kinachoingia mtaani na bendi yake: suti mpya za rangi moja, viatu vya kufanana, pepeo za manyoya mkononi. Ni saa nne za kutembea na kucheza, na yeyote anayetaka anaunga nyuma bila kiingilio. Anayevaa ile suti huenda ni mpishi au mfanya usafi wa hoteli. Ameidunduliza mwaka mzima.

Kwa hiyo furaha ile ina katibu na mweka hazina. Ina daftari la michango na faini ya asiyehudhuria kikao. Inaniuma sana tunapoisema kana kwamba Mweusi huzaliwa na ngoma ndani ya damu, basi akipigwa kidogo inatoka yenyewe. Watu wamekaa vikao kwa zaidi ya karne moja ili furaha ipatikane hata wakati ambao hakuna mtu mwenye hamu nayo. Na ndani yake kuna dawa ya moyo ambayo sijaiona kwingine: usipoonekana Jumapili mbili, kuna mtu atagonga mlango wako kuuliza una nini.

Kimbunga Katrina kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005 kuta za kuzuia maji zilibomoka, na karibu asilimia 80 ya jiji ikawa chini ya maji. Watu walitawanyika Houston, Atlanta na kwingineko, ndugu hawajui ndugu yuko wapi. Januari 2006 vyama viliitana, wakaja watu waliokuwa hawana hata nyumba ya kulala, wakaingia barabarani pamoja. Siku hiyo risasi zilipigwa, na polisi wakapandisha ada ya ulinzi wa magwaride hadi vyama vikashindwa kuilipa. Vyama vikaenda mahakama ya shirikisho, na mwafaka wa mwaka 2007 ukaishusha. Hebu tulieni na hilo kidogo. Watu wana ukungu ukutani na madai ya bima yasiyolipwa, na katikati ya hayo yote wanatafuta wakili wa kutetea Jumapili yao. Anayedhani furaha ni anasa ya walioshiba anieleze kwa nini walifanya hivyo. Mimi naona walijua kwamba bila ile Jumapili wasingefahamu nani amerudi, nani anaumwa, nani amekufa ugenini.

Na hawakuanza jana. Tangu mwaka 1817, jiji lilipowafungia watumwa wasikusanyike popote ila mahali pamoja siku ya Jumapili, walipiga ngoma zao papo hapo, kwenye uwanja unaoitwa Congo Square.

Haya, nakubali kwamba bendi haitibu kila kitu. Charity Hospital, hospitali ya umma ya jiji hilo iliyokuwa tegemeo la maskini na la wagonjwa wa akili waliozidiwa, ilifungwa baada ya Katrina na haikufunguliwa tena. Hakuna tarumbeta ya kuziba pengo hilo. Mwaka 2013, Siku ya Mama, watu 19 walijeruhiwa kwa risasi ndani ya gwaride la chama kimojawapo. Wiki chache baadaye chama kilirudi barabarani. Lakini uhodari huo usigeuzwe kisingizio. Mtu asiyetaka kumjengea mgonjwa hospitali hana haki ya kumsifu kwa uvumilivu, na picha za wanaocheza zisitumike kuuza vyumba vya hoteli huku mtaa wao haujajengwa.

Kinachonisumbua zaidi ni sisi. Wenye watani wanathubutuje kushangaa ngoma msibani? Mnyamwezi akifika kwenye msiba wa Mzaramo anavaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anamdai wifi nauli ya marehemu. Analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wazee wetu waliiacha kazi hiyo mikononi mwa mtani makusudi, kwa kuwa mfiwa hawezi kujichekesha mwenyewe. Na vyama vya ngoma ya beni vya pwani, Marini na Arinoti, navyo vilikuwa na tarumbeta, sare, vyeo, na kuzikana.

Hapa Dar tunaviacha vitu hivi vipotee mikononi mwetu wenyewe. Nimeshuhudia mtani akitolewa msibani na kijana wa kamati, ati anavuruga ratiba na mchungaji ana ibada nyingine. Mjane, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alikuwa ameshaanza kucheka, mkono umeshika tumbo. Akanyamaza. Kamati ina bajeti ya maturubai, spika, maji ya chupa na fulana zenye picha ya marehemu. Inashindwaje kumwachia mtani nusu saa?